Kupekua mtandaoni kwa raha: kufuata uzi bila kuupoteza, na bila kumaliza bando

Nani anachagua ukurasa unaofuata? Swali hilo moja linatosha kueleza kwa nini saa nzima mtandaoni mara nyingine hukuacha umechangamka, na mara nyingine hukuacha na macho mekundu, bando limeisha, na huna hata jambo moja la kumsimulia mtu.

Abiria watatu waliokwama kwenye foleni ya Lang'ata Road, kila mmoja ameinamia simu, wanaweza kuwa katika shughuli tatu tofauti kabisa. Wa kwanza anatafuta jibu ambalo anajua lipo: matokeo ya mechi, saa za kufungua ofisi, bei ya gesi. Akilipata amemaliza. Wa pili analishwa: kidole kinasukuma juu, video inaanza yenyewe, na mtambo ndio unaoamua nini kifuate kwa kupima alikaa wapi muda mrefu. Wa tatu anapekua. Ana swali lisilo la haraka, pengine hata si swali kamili, na kila anachokisoma kinampa pa kwenda. Makala hii ni ya huyo wa tatu, na ya yeyote anayetaka kuhama kutoka kiti cha pili kwenda cha tatu.

Watafiti wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Marcia Bates, mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kwamba mtu anayetafuta habari hachukui jibu zima mahali pamoja. Huchuma kidogo hapa na kidogo pale kama mtu anayechuma matunda madogo vichakani, na kila anachokipata hubadilisha hata swali lenyewe. Katika miaka ya 1990, Peter Pirolli na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California walilinganisha utafutaji wa habari na mnyama anayesaka chakula. Hufuata harufu, na harufu ikififia huhama. Harufu ya ukurasa wa mtandao ni maneno ya kiungo, kichwa cha habari, picha ndogo ya pembeni. Kinachomnasa yule abiria wa pili ni hicho hicho, ila harufu yake haiishi. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoendelea kujipakia ukisukuma chini, ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anaujutia. Zamani mwisho wa ukurasa ulikupa nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Siku hizi nafasi hiyo lazima uitengeneze mwenyewe.

Anza na kitu kidogo

Kosa linalowakwamisha wengi ni kuanza na mada pana. Ukiandika "historia ya Nairobi" utapata kurasa kumi zinazorudia aya zile zile: maji baridi ya Wamaasai, reli iliyofika mwaka 1899, jiji mwaka 1950. Hakuna pa kushika, kwa sababu kila ukurasa umenakili mwenzake. Swali la kupekua linafaa liwe na jina maalumu, mwaka au mahali. Mtaa mmoja. Jengo moja. Ndege mmoja anayepiga kelele juu ya paa alfajiri.

Chukua Moi Avenue. Mtu akiandika jina hilo pamoja na mwaka 1969 anapata machache sana ya wakati ule, na sababu yake ni rahisi: mwaka huo mtaa uliitwa Government Road. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi katika mtaa huo tarehe 5 Julai 1969, na magazeti yote ya wiki ile yaliandika jina la zamani. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, Mama Ngina Street ilikuwa Queensway, Biashara Street ilikuwa Bazaar Street, na mtaa unaobeba jina la Mboya mwenyewe uliitwa Victoria Street. Ukiwa na majina mawili ya mahali pamoja, una funguo mbili, na ule wa zamani ndio unaofungua makabati ambayo wengi hawajayagusa.

Mambo yako vivyo hivyo kwa nchi nzima. Kabla ya mwaka 1920 hutakuta koloni liitwalo Kenya kwenye nyaraka. Kuna mlima wenye jina hilo, na nchi inaitwa East Africa Protectorate au British East Africa. Naivasha na Kisumu zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Kwa hiyo anayetaka kujua Kisumu ilikuwaje reli ilipofika mwaka 1901, halafu akaandika "Kisumu Kenya 1901", anagonga mlango usio wake. Aandike "Port Florence" na "Uganda", nyaraka zitamiminika. Tahajia nazo zina mambo yake: Masai na Maasai, Mombassa yenye s mbili, Suaheli na Swahili. Jaribu zote.

Alama ndogo zinazobadilisha matokeo

Mitambo ya kutafuta ya leo haitafuti maneno uliyoandika tu. Hukisia ulimaanisha nini, hutazama uko wapi, hutazama watu wengine waliobonyeza wapi, kisha hukupa wastani wa hayo yote. Kwa anayetafuta duka la dawa lililo karibu hilo ni jambo jema. Kwa anayepekua ni kero, maana wastani ndicho kitu anachokikimbia. Alama zifuatazo zinafanya kazi Google, na nyingi kati yake zinafanya kazi kwenye mitambo mingine pia.

Alama za mtajo huulazimisha mtambo utafute maneno kwa mpangilio huo huo: "Government Road". Bila alama hizo utaletewa barabara zote za serikali duniani. Kistari cha kutoa huondoa usichokitaka, na kwa Kiswahili hiki ni mkombozi. Andika simba, uone. Mnyama atazikwa chini ya habari za klabu ya Dar es Salaam. Andika simba -soka -Yanga -SC na mbuga itaanza kuonekana. Kistari kigusane na neno linalofuata; ukiacha nafasi kati yao mtambo hauelewi kwamba unataka kutoa, na hapo ndipo watu wengi husema alama hazifanyi kazi. Kanuni ya kutoacha nafasi ni hiyo hiyo kwa site: inayobana utafutaji kwenye tovuti moja au aina moja ya tovuti. site:go.ke hukupa tovuti za serikali ya Kenya peke yake, na site:kenyalaw.org hukupa maamuzi ya mahakama. filetype:pdf huleta ripoti, ramani na tasnifu ambazo hazionekani kwenye ukurasa wa kwanza kwa kawaida.

Kuna before: na after:, ambazo hufuatwa na mwaka au tarehe. Hizi zinaeleweka vibaya kuliko zote. Zinapima tarehe ya ukurasa kuwekwa mtandaoni, jinsi Google inavyoikisia, wala hazijui lolote kuhusu tarehe ya tukio. before:1970 haitakuletea mambo ya miaka ya sitini. Faida yake iko kwingine: jambo likishafunikwa na kelele za habari mpya, before:2015 huondoa kelele hizo na kukuachia yaliyoandikwa kabla hazijaanza.

Tangu mwaka 2024 kuna pia kichujio kiitwacho Web juu ya matokeo ya Google, mara nyingi kimefichwa chini ya vitone vya zaidi. Kukibonyeza huondoa muhtasari wa akili bandia, video na visanduku vyote, na kukuachia viungo vitupu. Muhtasari ule una kazi yake kwa yule abiria wa kwanza. Lakini ukifuata muhtasari unapokea sentensi tano laini zisizo na mlango, na mpekuzi anaishi kwa milango. Tena makosa yake huandikwa kwa sauti ile ile ya uhakika na ukweli wake, basi huna namna ya kuyanusa.

Kwa anayetafuta kwa Kiswahili kuna mtego mmoja zaidi. Lugha yetu hubadilisha maneno kwa mbele: jengo, majengo, mtaa, mitaa, walijenga, wamejenga, lililojengwa. Mitambo imezoea lugha zinazobadilika kwa nyuma, na mara nyingi haitambui kwamba hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Dawa yake ni kupunguza vitenzi, kutumia nomino na majina halisi, kisha kurudia utafutaji kwa umoja na kwa wingi. Ukitumia kitenzi, jaribu nyakati mbili. Ni kazi ya nusu dakika, na matokeo ya mara ya pili mara nyingi huwa mengine kabisa.

Makabati yasiyojulikana sana

Hapa ndipo raha ilipo. Mtambo wa kawaida wa kutafuta hauoni vizuri ndani ya hifadhi kubwa za nyaraka. Lazima uingie mlangoni na kutumia kisanduku cha kutafuta cha hifadhi yenyewe.

Gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, ni mfano mzuri wa kitu kinachodhaniwa kikavu. Lilianza mwaka 1899 kwa jina la wakati huo, na matoleo mengi sana yamepigwa skani na kuwekwa Google Books, yanasomeka bure. Ndani yake kuna leseni za pombe, hati za viwanja zilizopotea, watu waliobadilisha majina, kampuni zilizosajiliwa na zilizokufa, maombi ya kujenga. Andika jina la mtaa wako au soko lako kwenye kisanduku cha ndani ya kitabu, si kile cha nje, na urukaruke miaka. Tovuti ya Kenya Law nayo ina maamuzi ya mahakama bure. Kesi za mirathi na mipaka ya mashamba zina wahusika, visa na mabishano kuliko tamthilia nyingi za televisheni, na mahakimu wengine wana kalamu.

Magazeti ya zamani ya Kenya hayako mengi bure mtandaoni, lakini habari za Nairobi zilisafiri kwa waya na kuchapishwa mbali. Maktaba ya Kitaifa ya Australia ina hifadhi iitwayo Trove, New Zealand wana Papers Past, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina Chronicling America. Zote tatu ni bure na hazidai uandikishwe ndipo usome. Ukitaka kuona jinsi risasi zilizopigwa Nairobi tarehe 16 Machi 1922, umati ulipodai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe, zilivyosimuliwa nje, ingia Trove, andika "Nairobi", bana miaka iwe 1922 pekee, na usome kuanzia katikati ya Machi. Utakutana na lugha ya kikoloni, nayo ndiyo utakayolazimika kuiandika kwenye kisanduku cha kutafuta: "natives", "riot". Maneno ya leo hayatakupeleka popote katika karatasi za wakati ule.

Ukikosa kitu unachojua kipo, mara nyingi lawama ni ya programu iliyosoma herufi kutoka kwenye picha ya gazeti. Wino uliofifia hufanya b kuwa h, na rn kuwa m. Nairobi inaweza kuhifadhiwa kama Nairohi. Tafuta neno jingine linalopaswa kuwa kwenye habari ile ile, kama jina la mtu au la meli, au tafuta kipande cha neno ukitumia nyota mahali pa herufi zinazoyumba, pale hifadhi inaporuhusu.

Kwa picha, Maktaba ya Bunge la Marekani inayo pia hifadhi ya Matson, iliyo na picha za Nairobi za mwaka 1936, Delamere Avenue ikiwa na magari ya wakati huo yameegeshwa. Maelezo yake yanasema "Kenya Colony", kwa hiyo andika hivyo. Chuo Kikuu cha Northwestern kinatunza mkusanyiko wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Picha hizi zina tarehe, jina la hifadhi na mara nyingi jina la mpigaji. Zile zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp hazina.

Na picha zisizo na asili zinadanganya kila siku. Kabla ya kuamini maandishi ya chini yake, tazama majengo. Picha inayodaiwa ni ya sherehe za uhuru mwaka 1963 na nyuma yake kuna mnara wa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, haiwezi kuwa ya mwaka huo; KICC ilikamilika mwaka 1973. Mnara wa mviringo wa hoteli ya Hilton ulifunguliwa mwaka 1969, kwa hiyo ukiuona huo bila KICC kando yake, na mpiga picha alielekea upande sahihi, unajua uko kwenye dirisha la miaka michache tu. Kisha ipakie picha hiyo kwenye TinEye, mtambo wa kutafuta kwa picha, na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Hiyo ya zamani zaidi ni ya zamani kwa TinEye, yaani siku mtambo ulipoiona mara ya kwanza. Asili yenyewe inaweza kuwa ya zamani kuliko hiyo. Hata hivyo mara nyingi inatosha kukufikisha kwa jina la mpigaji.

Tovuti iliyokufa haina maana kwamba imepotea. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina Wayback Machine, wazi kwa umma tangu 2001. Bandika anwani ya ukurasa, chagua mwaka kwenye kalenda, na utaona ukurasa ulivyokuwa. Tazama tovuti za magazeti na benki za Kenya za mwanzoni mwa miaka ya 2000 na rangi zake za ajabu. Picha nyingi ndani ya kurasa hizo hazitafunguka kwa sababu roboti ya kuhifadhi ilichukua maandishi ikaacha mafaili mengine. Jaribu tarehe jirani kabla ya kukata tamaa.

Wanaopenda viumbe wana ufunguo wao: jina la kisayansi. Yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayewaamsha watu wa Lavington na Kileleshwa ni Bostrychia hagedash. Jina hilo ni moja kwa Kijapani, Kireno na Kizulu, hivyo linakuvusha mpaka wa lugha zote kwa mkupuo. Liandike kwenye xeno-canto, hifadhi ya sauti za ndege, na chagua rekodi zilizopewa alama A, maana zimepangwa kwa ubora kutoka A hadi E. Korongo wakubwa wenye upara wanaotua kwenye miti karibu na Uwanja wa Nyayo ni Leptoptilos crumenifer. Na ukiwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili huna wazo lolote la pa kuanzia, kuna kiungo cha ukurasa wa bahati kwenye menyu. Bonyeza mara tano sita. Kurasa nyingi ni fupi mno, lakini kila moja ina orodha ya lugha nyingine zenye mada hiyo hiyo, na kulinganisha Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mahali penyewe kwa kutumia kitafsiri ni upekuzi wa aina yake.

Ramani zinahitaji kompyuta au simu yenye nguvu. Google Earth ina picha za setilaiti za miaka iliyopita, alama yake ni saa ndogo. Kwenye kompyuta imekuwepo miaka mingi, na mwaka 2024 ikaongezwa kwenye wavuti na simu. Weka -1.2864, 36.8172 uwe katikati ya jiji, kisha fuata Thika Road ukirudi nyuma hadi kabla ya 2009, au Mombasa Road kabla Expressway haijafunguliwa mwaka 2022. Ukiona ukungu mweupe, ni mawingu. Ruka hadi tarehe nyingine.

Bando linaenda wapi

Kupekua maandishi ni shughuli ya bei ya chini sana, ila watu huiweka kapu moja na video na kuiogopa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kasi ya video kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 450, unapata megabaiti kwa saa. Video inayokwenda kwa megabiti 1 hula MB 450 kwa saa. Ya megabiti 2.5, ambayo ni kawaida kwa picha safi ya simu, hula zaidi ya GB 1. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29 kwa saa. Kitabu cha maneno laki moja kwa maandishi matupu hakifiki MB 1.

Sasa angalia kitabu hicho hicho kikiwa kimepigwa skani. Faili la PDF lina picha ya kila ukurasa, na linaweza kufika MB 50 au 100. Kwenye Internet Archive, pembeni ya kila kitabu kuna orodha ya namna za kupakua. Chagua kwanza maandishi kamili, tafuta ndani yake jina unalolifuatilia kwa kitufe cha kutafuta kwenye ukurasa, uone kama kitabu kinakufaa. Kikikufaa ndipo upakue PDF ukifika penye waifai, kwa sababu maandishi yale yamejaa makosa ya kusoma herufi na hayana picha wala ramani. Baadhi ya vitabu huazimwa tu kwa muda, au vimefungwa kwa sababu ya hakimiliki. Huko Marekani kazi iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita huwa huru, kwa hiyo vitabu vya mwanzoni mwa karne iliyopita ndivyo vinavyofunguka bila shida.

Kinachomaliza bando la mpekuzi ni mambo matatu asiyoyajua. La kwanza ni video zinazoanza zenyewe kwenye tovuti za habari. Zima uchezaji wa video wa kiotomatiki kwenye mipangilio ya kivinjari na ya kila programu. La pili ni matangazo, ambayo kwenye kurasa nyingi ni mazito kuliko habari yenyewe. Hali ya kusoma, iliyomo kwenye Firefox na vivinjari vingine, husafisha ukurasa ubaki maandishi, lakini kumbuka inasafisha baada ya ukurasa kupakia, kwa hiyo inapumzisha macho kuliko inavyookoa data. Kuokoa data kwa kweli kunataka kivinjari kinachofinya kurasa kabla hazijafika kwako, kama Opera Mini. Chrome ilikuwa na huduma ya namna hiyo, ikaondolewa mwaka 2022, na bado kuna watu wanaitafuta kwenye mipangilio.

La tatu ni vichupo, yaani kurasa unazoziacha wazi kwenye kivinjari. Ukiwa na ishirini vimefunguliwa kwenye simu yenye kumbukumbu ya GB 2, simu haiwezi kuvishika vyote. Huviacha kimyakimya, na ukirudi kwenye kimoja huanza kukipakia upya. Umelipia ukurasa mara mbili, pengine tatu, na kama uko kwenye shimo la mtandao pale chini ya daraja unapata skrini nyeupe. Ukipata ukurasa utakaousoma baadaye, upakue kwenye kivinjari papo hapo. Na kwa safari ndefu kuna Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia nzima ndani ya simu. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inakula kadi kubwa ya kumbukumbu, lakini ya Kiswahili inaingia bila taabu, na ukishaipakua unaweza kurukaruka kati ya makala usiku kucha bila hata senti ya data.

Usalama hauhitaji maneno mengi. Kitabu cha umma hakidai PIN ya M-Pesa, wala gazeti la mwaka 1922 halihitaji kupakuliwa kwa faili la APK, lile la kusakinisha programu kwenye simu. Ukurasa ukikudai hayo, funga.

Kuushika uzi

Mpekuzi hupoteza zaidi kwa kusahau kuliko kwa kukosa. Ulipata picha ya soko, ukafuata jina la mjenzi, ukaingia kwenye kesi ya mwaka 1931, ukajikuta unasoma kuhusu mikataba ya saruji, na kesho yake huwezi kurudi kwenye ile picha. Historia ya kivinjari husaidia kidogo, lakini imejaa vichwa vya kurasa visivyoeleweka. Jitumie anwani kwenye WhatsApp, kwenye gumzo lako mwenyewe, pamoja na sentensi moja: hapa kuna nini, na kwa nini nilisimama. Sentensi hiyo ina thamani kuliko anwani, kwa sababu anwani zitakufa na maneno yako yatakuwezesha kuutafuta ukurasa upya. Kama ni nyaraka, nakili pia jina la hifadhi na namba ya faili au ya ukurasa.

Kuhusu muda, kanuni inayofanya kazi ni ya harufu ile ile. Kurasa tatu mfululizo zikirudia yale yale bila jina jipya, mwaka mpya au mahali papya, uzi huo umekwisha au umeushika vibaya. Rudi hatua mbili nyuma ubadilishe ufunguo. Ukijikuta unasukuma tu bila kukumbuka ulitafuta nini, ujue umehamia kiti cha pili, na ni afadhali ufunge simu ulale.

Mara nyingi uzi mzuri hukatika kwenye mstari mmoja wa faharasa: faili lina jina, lina namba, na halijapigwa skani. Hapo mtandao umefanya kazi yake, iliyobaki ni miguu. Makavazi ya Kitaifa yako katikati ya jiji, kwenye jengo la zamani la Bank of India karibu na iliyokuwa hoteli ya Hilton, na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, iko Banda Street. Nenda na kitambulisho na namba ya faili iliyoandikwa kwenye karatasi. Ukimwambia mhudumu "nataka historia ya Kariokor" atakuonyesha rafu. Ukimpa namba, atakuletea faili.